Gari la Shemeji Lilipopoteza Nguvu

Nimewachoka watu wanaosema vita vilituharibia kila kitu. Vilituharibia mengi, sikatai, lakini vilitupa pia mahali pa kuficha makosa yetu, na hilo hakuna anayelisema. Mimi ni fundi wa magari. Nimezeekea mtaani Buyenzi na grisi kwenye kucha, na nina kosa moja ambalo vita vimenifichia mpaka leo.

Mume wa dada yangu mkubwa alikuwa na pikapu ya dizeli yenye turbo. Alipanda nayo milimani Kayanza kuchukua viazi na kabeji, akashuka kuuza mjini. Siku zile hakuna aliyepanda mlima peke yake. Asubuhi magari yalikusanyika kwenye kizuizi cha chini, wakubwa wa msafara wakayapanga, askari wakatangulia, na wote wakapanda pamoja mpaka Bugarama, mlima unakoishia. Tuliuita konvua. Konvua haikumsubiri mtu. Ukipata pancha, ukichemsha maji, hiyo ni yako na Mungu wako. Waasi waliokuwa wakivizia kwenye kona za juu walijua hivyo, na walichokuwa wakingoja ni gari lililobaki nyuma.

Kwa hiyo nililiongezea gari la shemeji nguvu. Niligusa skrubu za pampu ya mafuta ili injini inywe zaidi, nikaibana turbo isukume hewa zaidi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Nilimwonya kwamba kazi kama hiyo hufupisha maisha ya injini. Akacheka, akasema anayotaka kuyarefusha ni ya kwake. Tangu siku hiyo pikapu ilipanda na mzigo kama haina mzigo, nyuma ikiacha moshi mweusi uliowafanya watu wa kandokando ya barabara wafunge madirisha na kututukana.

Sifa zake zikaenea. Desturi ya konvua ilikuwa malori mazito yaende mbele, na magari yenye nguvu yakae mkiani, kwa sababu hayo hata yakiachwa kidogo yanaweza kufukuzia. Gari la shemeji likapewa nafasi ya mwisho kabisa. Nilipoambiwa nilijivuna. Nilitembea barabara nzima ya mafundi kifua mbele, kwamba mkia wa konvua umeshikwa na kazi ya mikono yangu. Mjinga mimi.

Nguvu ile hatimaye ilikula klachi, ambayo kwetu ni ambreyaje. Ilianza kuteleza: injini inalia, gari haliendi. Nikashusha giaboksi, nikaweka sahani mpya, nikarudisha kila kitu, au ndivyo nilivyoamini. Shemeji akalizungusha mtaani na kila mtu akafurahi. Pedali laini, gia zinaingia zenyewe. Na moshi umekwisha! Dada alinipongeza kwa hilo kuliko yote, maana nguo zake kwenye kamba zilikuwa zimechoka kupakwa masizi. Nikapokea pongezi. Fundi mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini kubadilisha klachi kuondoe moshi. Mimi nilikunywa chai.

Alipopanda mlima mara ya kwanza na kurudi, alikuja karakana moja kwa moja, hata mzigo hajashusha.

"Shemeji, gari iko nzito," alisema. "Kwenye mulima inakataa. Nakanyaga mpaka chini, apana kitu. Konvua imeniacha kona tatu."

"Ambreyaje inateleza?"

"Apana. Haitelezi. Haina nguvu tu."

Nilivuta breki ya mkono, nikatia gia ya tatu, nikaachia pedali. Injini ikazima palepale. Hiyo ndiyo dalili kwamba klachi imeshika vizuri. Nikalipeleka tupu, bila mzigo, kwenye barabara ya Kajaga, iliyonyooka na tambarare kandokando ya ziwa, na likakimbia vizuri. Mlimani sikulipeleka. Kupanda bila konvua kulikatazwa, na kupanda na konvua kwa ajili ya kujaribu gari, nani mwenye wazimu huo? Sisi mafundi wote wa miaka ile tulijaribu magari ya mlima kwenye tambarare, tukasema yako sawa.

Kisha nikafungua filta ya mafuta, na humo nikakuta maji na takataka. Ilikuwa miaka ya embargo, nchi jirani zimetufungia mipaka. Mazutu, yaani dizeli, iliingia mjini kwa njia za panya, ndani ya mapipa yaliyokuwa na mawese jana yake, na kila kosa la gari tulilitupia mafuta. Gari halishiki moto, ni embargo. Linatikisika, ni embargo. Nilimwonyesha shemeji uchafu ule kwenye kiganja, mbele ya mafundi wenzangu, kama wakili anayeonyesha ushahidi.

"Ona we mwenyewe. Kazi yangu haina kosa."

Shemeji alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alichoka.

"Mbele ya wewe kuigusa, ilikuwa inapanda," alisema. "Umeigusa, haipandi. Kazi yako ni mubaya, shemeji. Mi nasema tu ukweli."

Wenzangu wakaguna. Kwetu fundi unaweza kumwita mlevi na mwongo, akacheka nawe, lakini usiseme kazi yake mbaya mbele ya watu. Nilibadilisha filta, nikafunga boneti kwa kishindo, nikamwambia ampelekee gari lake anayejua zaidi. Hakuna aliyelipokea, bila shaka. Mafundi wenzangu wasingegusa kazi ya mwenzao aliye hai, hiyo nayo ni adabu yetu. Wiki nzima hatukusalimiana. Tukikutana msikitini natazama viatu.

Siku ya saba akaja dada. Alikuwa na vitenge vya kupeleka soko la Kayanza, na mume wake alikuwa ameanza kusitasita. Alikuwa amesema atapanda mara moja tena, kwa sababu viazi alikwisha agiza, lakini hataki mtu ndani ya gari. Dada alisimama mlangoni mwa karakana, mtandio umemwangukia mabegani, akaniuliza moja kwa moja kama alivyoniuliza kila kitu tangu utoto wetu.

"We ndiye fundi. Gari iko sawa ao haiko sawa?"

Ningeweza kusema sijui. Ni maneno mepesi. Ningeweza kusema liache, nilifungue upya. Lakini akilini nilimwona tena shemeji akisema kazi yako mbaya, nikaona wenzangu wanaguna, na mdomo ukanitangulia.

"Iko sawa, dada. Panda. Mume wako anaogopa tu."

Akapanda. Kwa neno langu, dhidi ya neno la mume wake, alipanda.

Yaliyobaki niliyapata kwa shemeji mwenyewe. Waliwekwa mkiani kama kawaida, kwa sifa zile zile. Kona za kwanza walikwenda na wenzao. Mlima ulipokaza, lori la mbele yao likaanza kuwa dogo. Alishuka gia ya pili, kisha ya kwanza, mguu umekanyaga mpaka chini, na gari linajikokota. Dada alikuwa akisoma dua kwa sauti. Konvua ikapinda kona, na walipofika kwenye kona ile walikuwa peke yao. Risasi zilitoka juu, kwenye migomba. Shemeji aliumia mkono. Dada hakusema kitu tena.

Tulimzika siku ileile. Watu walijaa mpaka nje, na kila aliyenishika mkono alisema neno moja, ni vita, ni vita hivi. Niliitikia. Unapoambiwa ni vita, hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi.

Gari lilishushwa likivutwa na lori la askari, rejeta imetobolewa. Walilileta kwangu. Wangelipeleka wapi? Siku ya nne niliingiza mkono nyuma ya injini kutafuta bolti ya rejeta iliyoruka, na vidole vikagusa mpira mwembamba, unene wake kama kidole cha mwisho, umejificha katikati ya nyaya. Ncha yake haikuwa imefungwa popote.

Sikuhitaji taa. Mpira ule hutoka kwenye turbo kwenda kwenye pampu. Turbo ikisukuma hewa, mpira ndio unaoiambia pampu iongeze mafuta. Ukichomoka, pampu haisikii habari: kwenye tambarare gari linakwenda, kwenye mlima na mzigo linakufa. Na halitoi moshi, maana mafuta ya ziada hayaji. Nilikuwa nimeuchomoa mwenyewe ili mkono ufike kwenye bolti ya juu ya giaboksi, nikausukuma pembeni, nikausahau. Kuurudisha kulinichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu. Nilitia maji kwenye rejeta ya kuazima, nikawasha, nikakanyaga. Moshi mweusi ukajaa karakana. Niliuvuta wote kifuani, nikalia kwa sauti, na wenzangu wakafikiri ni msiba.

Shemeji alikuja jioni hiyo, mkono umening'inizwa shingoni. Hakulitazama gari. Alikaa kwenye tairi kuukuu karibu nami, akasema alikuwa na neno la kuniambia, ambalo yeye na dada yangu walikuwa wamepatana ataniambia wakirudi kutoka Kayanza.

"Nilikukosea, shemeji. Nilisema kazi yako ni mubaya, mbele ya batu. Nilikuwa na hasira. Ni mazutu ya embargo, na ni vita. We ulifanya kazi yako. Wallahi naomba unisamehe."

Mikono yangu ilikuwa bado ina masizi ya ule mpira. Nilimtazama, nikafungua mdomo, na nikamwambia nimemsamehe.