Siku Nilipokataa Chai ya Mama Vero

Najua mtacheka, na mcheke tu, maana mimi mwenyewe imenichukua miaka mingi kuweza kuisimulia habari hii bila kuinamisha uso. Kuna watu aibu yao ni kuteleza sokoni mchana kweupe, wananyanyuka, wanajipangusa, yanaisha. Yangu ilinikuta nimesimama katika chumba cha watu, mdomo umejaa sukari, masharubu meupe, na mama wa mchumba wangu yuko mlangoni ameshika bakuli la uji.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vilipoanza kurudi madukani. Mimi nilikuwa fundi redio pale Mwembesongo, na mbele ya meza yangu kulikuwa na duka ambalo miaka michache nyuma liliuza chumvi na viberiti tu (viberiti vyenyewe si kila siku), sasa limejaa biskuti za kila rangi, soda za baridi, keki za kwenye karatasi, na nje ya duka jamaa kaweka karai anakaanga chipsi kutwa nzima. Mtu niliyekulia Gairo, sukari naiona sikukuu, unategemea nifanye nini? Nilikula. Asubuhi chai vijiko vinne na maandazi matatu, saa nne soda na keki, mchana chipsi, jioni soda nyingine ya kuteremshia chipsi za mchana, na nilikuwa nakula kama mtu anayeogopa kwamba kesho watafunga tena maduka.

Sasa nikapata mchumba, Veronika, binti wa Kiluguru aliyekuwa akishuka na kabichi na karoti kutoka juu mlimani kuja kuuza soko kuu. Aliniletea redio ya mjomba wake kutengeneza, nikaitengeneza mara tatu bila kuharibika (mtanielewa). Tukapatana. Lakini kwao, kama mjuavyo, mtoto ni wa upande wa mama na mwenye neno ni mjomba, na mjomba huyo, Mjomba Kosmas, akatuma ujumbe kwamba hapokei posa ya mtu asiyemjua sura, mshenga aje na mwenyewe aje.

Basi nikaenda kwenye mitumba nikapata suti, jamani, suti ya kijivu, kitambaa kizito, haina hata doa. Koti lilinikaa kama nimepimiwa. Suruali ikagoma kiunoni, vidole vinne vizima. Mshenga wangu alikuwa Mzee Athumani, jirani yangu, fundi cherehani (baba yangu alishafariki, huyu ndiye aliyekuwa mzee wangu pale mjini), naye akaigeuza ile suruali ndani nje, akasema, "Kuna akiba ya kitambaa humu, kijana. Nipe dakika kumi nikuachie." Dakika kumi! Nami hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikuwa nimemsikia daktari mmoja redioni akisema vitu vitamu na vya mafuta vinatumaliza, nikajiona msomi, nikamwambia, "Usiiguse mzee. Suruali ni sawa, mimi ndiye nitakayepunguzwa."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikaacha vyote siku moja, sukari, soda, chipsi, maandazi, biskuti, hata embe nililipita kama simjui mwenye mti. Siku ya pili kichwa kikaanza kugonga. Siku ya nne nikamfokea mteja aliyenisalimia. Siku ya sita mikono inatetemeka, nashika waya nachoma kidole, na usingizi nikiupata naota karai la chipsi. Vero sikumwambia kitu, nilitaka anione tu nimependeza. Na siku ya tisa pengo la kiunoni lilikuwa limepungua vidole viwili, viwili vilivyobaki nikavifunga kwa kamba ya katani, koti likafunika.

Tulipanda mlima asubuhi, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mzee Athumani, na umri wake ule, anatembea anapiga hadithi, mimi nyuma naona nyota mchana. Tulipofika kwao nilikuwa nimelowa jasho la baridi, lakini nikajikaza, shikamoo huku, shikamoo kule, tukakaribishwa sebuleni, Mjomba Kosmas kwenye kiti chake, sisi kwenye benchi.

Mama Vero akaingia na sinia. Magimbi ya moto, birika, vikombe vya maua, na katikati kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake kulikuwa na sukari. Chai yenyewe ilishachemshwa na sukari, harufu peke yake ilitosha kunipa nguvu, kopo lilikuwa la kuongeza kwa anayetaka. Akapiga goti kidogo, akanimiminia mimi wa kwanza, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Nami nikasema, "Asante mama, mimi situmii."

Sijui nilikuwa nawaza nini. Nadhani siku tisa za mateso zilinipa kiburi, nikaona nikinywa kile kikombe nimeshindwa. Kikombe kikabaki mikononi mwake, hakijarudi na hakijapokelewa. Mjomba Kosmas akaweka gimbi lake chini taratibu.

"Hutumii chai," akauliza, "au hutumii ya hapa?"

Mtu yeyote aliyekulia huku anajua swali hilo lina maana gani. Kukataa kikombe katika nyumba ya watu ni kama kusema mmeniwekea kitu. Nikamwona Vero amesimama kwenye mlango wa kwenda jikoni, ananikazia macho, maana yeye ndiye aliyenikorogea vijiko vinne kila alipopita mezani kwangu.

Mzee Athumani, Mungu amrehemu, akaruka kuniokoa. "Usimfikirie vibaya, mzee mwenzangu," akasema. "Kijana ana sukari."

Mwanzoni sikuelewa kasema nini. Nilipoelewa, nilikuwa na nafasi ya kukanusha, neno moja tu, hapana, mimi mzima, ni suruali. Lakini mjomba alikuwa ameshalegea uso, na Mama Vero amesema "Maskini, baba," kwa sauti ya huruma kabisa, basi nikatikisa kichwa kukubali. Nikajizika mwenyewe na udongo nikajifukia.

Kumbe Mjomba Kosmas alikuwa amestaafu upishi katika hospitali moja ya masista. "Sukari naijua," akasema. "Nimewapikia watu wakiwa na miguu miwili, nikawapikia hao hao wakiwa na mmoja." Akaniangalia miguu. Akaona jasho, akaona mikono inavyotetemeka, akasema hali hii naifahamu, mgonjwa apelekwe akalale. Nikanyanyuliwa. Nilipompita Vero pale mlangoni uso wake ulikuwa wa mtu aliyefichwa jambo kubwa, na hapo moyo wangu ukauma kuliko kichwa.

Wakanilaza chumba cha pembeni, chenye magunia ya mahindi na rafu moja. Ukuta wa udongo hauzuii maneno. Nikamsikia mjomba: "Mimi sikatai kijana, nakataa msiba. Mtoto wetu awe mjane hata nguo za harusi hazijafifia?" Nikamsikia Mzee Athumani anaanza kubabaika, eti si sukari kali, ni ya kawaida. Mjomba akamwambia hakuna sukari ya kawaida. Vero alikuwa analia, na mimi niliyekuwa namliza nilikuwa nimelala chali nasikiliza, sina nguvu ya kusimama nikaseme ukweli.

Kisha Mama Vero akapita haraka, akarudisha lile kopo kwenye rafu, akatoka.

Niliapa nitakula kidogo tu, nipate nguvu ya kwenda kujieleza. Nilichota kwa mkono. Nikachota tena. Sukari ikanimwagikia mpaka kwenye koti la kijivu, na niwe mkweli, machozi yalinitoka kwa utamu, na ndipo mlango ulipofunguka, Mama Vero huyo na bakuli la uji. Kwao mkwe hata kula wali mbele ya mama mkwe anaona haya, sembuse hivi.

Alitupa bakuli. "Jamani! Amesikia maneno yenu! Anajiua!"

Wakaingia wote, mjomba akanikamata mkono, akawa ananiingiza vidole mdomoni nitapike, jirani wa kwanza akatokea dirishani, wa pili akauliza amekunywa sumu gani, akajibiwa sukari, akasema sukari haiui, akaambiwa huyu inamuua. Katika vuta nikuvute kamba ya katani ikakatika. Nikaishika suruali kwa mikono miwili, na nikabaki nimeishika hivyo mbele ya watu wote.

Mzee Athumani akainua mikono. "Basi. Mwacheni. Huyu hana sukari, ana suruali."

Akaeleza yote, siku tisa, vidole vinne, dakika kumi nilizozikataa. Dirishani wakacheka mpaka wakakaa chini, na mjomba naye akageuka ukutani mabega yanatikisika. Mama Vero hakucheka. Alikuwa anaokota vipande vya bakuli, na alizungumza bila kuniangalia.

"Baba yake Vero alifariki wakati ule sukari hakuna," akasema. "Watu walipanda mlima kuja kunizikia, nikawapa chai chungu. Nilizunguka vijiji vitatu naomba sukari, sikupata. Nikasema, sitampa tena mgeni chai chungu katika nyumba yangu. Na leo uji ule nimekukorogea bila sukari, kwa mkono wangu, nikawa nalia."

Nilichojua kuhusu miaka ile ni njaa yangu mimi tu, na jinsi ya kuilipiza kwa keki. Nikapiga magoti na suruali yangu mkononi, nikaomba radhi, nikasema, "Mama, ile chai bado ipo?" Ikaletwa. Imepoa. Nikanywa vikombe vitatu, Mama Vero amegeuka upande ili nisione haya.

Mjomba akatoa hukumu: "Rudi mwezi ujao. Na suruali inayokutosha." Vero alinisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akaniambia, "Ungeniambia tu," na hilo moja lilinitosha mlima mzima wa kuteremka. Mzee Athumani aliiachia suruali jioni ileile, na nadhani hata dakika kumi hazikufika.

Tulioana. Miaka ikapita, Mama Vero akahamia kwetu mjini awe karibu na kliniki, maana sukari, ile ya kweli, ilimpata yeye. Siku ya kwanza Vero alipomwekea chai isiyo na kitu aliishika tu, akakaa nayo. Nikasema mama, tusiache yote kwa siku moja, daktari kasema tupunguze kidogo kidogo, basi mimi na wewe tutashuka pamoja. Tukaanza na kijiko kimoja, tukaja nusu, tukaja robo, miezi na miezi, yeye asubuhi upande wake wa meza na mimi upande wangu. Na nimeapa, kikombe cha mtu sitakikataa tena kabla sijajua kimemgharimu nini.

Siku tuliyofika chai tupu tuliketi palepale, kila mtu upande wake. Ile habari ya posa hakuwahi kuigusa hata mara moja tangu nilipomwoa binti yake, heshima ya ukwe. Akamaliza kikombe chake chote, akakiweka chini, akatazama dirishani kule milimani.

"Na suruali je, mkwe wangu," akauliza, "inafunga?"