Maneno ya Stoimen Chini ya Picha

Kwetu mjini Karlovo, mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa kwenye lango la nyumba na kwenye nguzo za mtaa, na kila mwaka hubandikwa mpya. Kwa hiyo kila nyumba huhitaji picha nzuri, na kwa miaka mingi picha hizo zilitoka kwa jirani yangu Zlatka. Alitupiga picha sote: tukichoma pilipili uani, tukigombana, tukicheka na mapengo yetu. Zote aliziweka kwenye mtandao mmoja wa picha, tangu enzi zile kompyuta yake ilipokuwa ikinguruma kama friji.

Hakuanza kwa ajili ya wafu. Mumewe, Stoimen, alikuwa Uhispania akijenga nyumba za watu. Kila Jumamosi Zlatka aliweka picha, na kila Jumapili Stoimen alikwenda kwenye duka la intaneti kuandika chini yake. Jumatatu Zlatka alinisomea maneno hayo kupitia juu ya ua wa nyumba zetu. Mapenzi hayakuwemo hata kidogo! "Bomba linavuja, mwite fundi." "Paka amenenepa, mnamlisha nini?" Hata wageni wa nchi za mbali, waliokuja mtandaoni kusifu picha, wakaanza kuuliza kama bomba limetengenezwa.

Nilimwonea wivu, nakiri. Mume wangu alikuwa nyumbani, haandiki wala hasemi.

Stoimen alirudi, akakaa miaka miwili, kisha moyo ukasimama. Zlatka aliendelea kuweka picha, lakini wageni wale walipungua mmoja mmoja na matangazo yakajaa. Kila mtu akahamia kwenye simu. Mwishowe hakuweka tena kitu. Alikuwa akiingia kusoma tu.

Mwaka jana, vuli, ikaja barua pepe: mtandao unafungwa mwisho wa mwezi, kila mtu apakue picha zake.

"Si upakue basi," nikamwambia.

"Nimepakua, Ginka. Zimekuja picha tu. Maneno yake hayaji."

"Maneno gani, shoga? Ya bomba?"

Akageuza uso dirishani. Nikauma ulimi wangu, nikaenda nyumbani kuleta daftari na miwani.

Siku tisa alisoma, mimi nikaandika. Kila nilipochoka mkono alinimiminia kahawa na kuendelea. Alikuwa akitafuta pia neno moja zuri la kuweka kwenye karatasi ya mwaka wa kumi tangu Stoimen afe, maana yale ya kila mtu, "hatutakusahau kamwe", aliyachoka. Hatukulipata. Stoimen alilalamikia paa, akalalamikia kuni, akalalamikia nywele za mkewe zilizokatwa bila ruhusa. Tukacheka mpaka machozi, na yangu hayakuwa ya kucheka yote.

Siku ya mwisho tukafika kwenye picha ya meza chini ya mzabibu. Aliyekaa kwenye kiti cha Stoimen, mdomo umejaa, ni mimi. Chini ameandika: "Ginka atoke kwenye kiti changu. Nakuja Krismasi."

Zlatka akagonga kioo cha kompyuta kwa kidole. "Hilo hapo," akasema.

"Umerukwa na akili? Jina langu kwenye karatasi ya marehemu!"

"Kwani ulikaa au hukukaa?"

Mwenye duka la kuchapisha aliuliza mara mbili kama hatujakosea. Mtandao ulifungwa Jumatano, na Ijumaa karatasi ikawa langoni. Watu walisimama, wakasoma, wakaniangalia mimi, wakacheka wakishika vinywa. Mtaani sasa hata watoto hunisalimu, "Mama Ginka, umeshatoka kwenye kiti?"

Siku ya kumbukumbu tuliandaa ngano ya kuchemsha, chakula cha kuwakumbuka wafu, na divai, chini ya mzabibu uleule. Wageni wote wakakaa. Kikabaki kiti kimoja, kile kile cha Stoimen, chenye mguu uliofungwa kwa waya. Nikasimama na sahani yangu. Miaka kumi nilikikalia kila jioni bila kufikiri, na siku hiyo miguu ilikataa.

Zlatka akakivuta, akakipangusa kwa aproni.

"Kaa, Ginka," akasema. "Ameshachelewa."