Nilimwambia mzee asubiri kisima cha pili kiharibike ndipo niende

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu ni msomaji tu, naweka like napita. Leo nimeamua kuandika. Hii siyo chai ya kutunga, natamani ingekuwa chai.

Mimi ni fundi wa pampu za sola za visima. Naishi Soweto, Mbeya, ofisi kubwa iko Iringa. Visima ninavyohudumia vimetapakaa kuanzia vilimani huku mpaka tambarare za Usangu, vingine njia ya Iringa. Gari moja, fundi mmoja, ndiyo mimi.

Mwanzoni nilikuwa nazurura tu. Leo Chimala, kesho niko Mbeya, keshokutwa napigiwa simu nirudi Chimala ileile, kisima cha jirani kabisa. Bosi akawa ananisema kuhusu mafuta kila wiki.

Nikakaa chini na ramani. Visima vilivyo karibu nikaviweka kundi moja, siku moja. Jumatatu kundi la Chimala, Jumatano la Ubaruku, hivyo hivyo. Bosi akanisifia kwenye kikao Iringa mbele ya watu. Kichwa kikavimba.

Sasa kulikuwa na kisima kimoja kilichogoma kuingia kundi lolote. Kiko ndani huko, mbele ya Ubaruku, kwa wafugaji. Kwenda tu ni nusu siku ya vumbi. Jirani yake pekee ni kisima cha kitongoji cha wakulima, na hicho kilikuwa hakisumbui. Nikajiwekea sheria: huko naenda vikiharibika viwili.

Mwangalizi wa kile kisima cha wafugaji nimwite Mzee Masanja. Familia yake ilihamia hapo miaka mingi iliyopita kutoka Kanda ya Ziwa, wajukuu wamezaliwa hapohapo. Kiangazi kilipoanza akanipigia, pampu haitoi maji.

"Mzee wangu, subirini kidogo," nikamwambia. "Nikipata kingine kibovu upande huo nakuja siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo mpaka viwe viwili?"

"Ndiyo mzee, ndiyo utaratibu."

Akapiga tena, na tena. Hakuwahi kufoka. Ananieleza tu kwamba wanachota kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, maji yana dawa za kuulia wadudu, mjukuu wake mdogo anaharisha. Mimi jibu lilelile. Wakati ule nilijiona mtu wa mpangilio. Leo naona aibu hata kuandika.

Asubuhi moja akapiga. "Fundi, sasa viko viwili."

Wakuu, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu ruti ilikuwa imekamilika.

Nikaanza na kisima chake. Fyuzi imekufa, na waya mmoja umetafunwa na panya. Nusu saa haikuisha maji yakatoka. Wiki zote zile za maji ya mfereji, kumbe kazi ya nusu saa. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili, ila hakuniangalia usoni.

Tukapanda gari pamoja kwenda kwa wakulima. Kule nikakuta waya wa pampu umekatwa kwa panga, mkato mmoja safi. Watu wamejaa. Mwenyekiti wa kitongoji, mama mtu mzima, akaniuliza:

"Fundi, hii imeharibika au imeharibiwa?"

Kabla sijajibu, Mzee Masanja akasogea mbele.

"Nimekata mimi, mama. Fundi alisema haji mpaka viwe viwili. Mtoto anaumwa kule. Nikajua akija atatengeneza vyote, na nyie hamtakaa siku nyingi bila maji."

Yule mama akanigeukia. "Ni kweli fundi, ulisema hivyo?"

Nilimwona usoni kwamba anatafuta sababu ya kuyamaliza pale pale. Ningesema ndiyo, kosa ni langu, yangeisha. Nikasema, "Mimi nilimweleza utaratibu wa ofisi. Sikumwambia aharibu."

Hakuna neno la uongo hapo. Na ndilo lililommaliza mzee wa watu.

Vitongoji vile viwili ni kijiji kimoja, na ugomvi wa mifugo na mashamba ulikuwepo tangu zamani. Kikao cha kijiji kikaamua familia ile ihame, na ukoo wao ndio uliokuwa kitongoji chote cha wafugaji. Sikuwepo, nilikuwa kwenye ruti.

Nilirudi kwa servisi baada ya muda. Boma limebaki miti na samadi. Pampu ni nzima, tenki limejaa mpaka linamwagika, hakuna wa kuchota. Kwenye ripoti nikaandika kisima kinafanya kazi, kwa sababu kinafanya kazi.

Nilichojifunza ni hiki. Mafundi wenzangu, pangeni ruti kwa makundi, inasaidia kweli, sijabadili mawazo. Ila yule aliye peke yake mpe siku yake, iandike kwenye ratiba, hata kama bosi atanuna. Na ukiulizwa mbele ya watu, usijifiche nyuma ya ofisi. Mimi nilijificha, na sijalala vizuri tangu siku ile.

Juzi nilijikaza nikampigia. Sikutegemea atapokea. Alipokea, nikasikia upepo na ng'ombe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha. Akaniwahi yeye.

"Fundi, maji bado yanatoka pale?"

Nikasema yanatoka, mzee.

"Basi vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye. Sijapiga tena. Wakuu, anayejua la kumwambia mtu kama huyu anisaidie hapa chini. Na anayetaka kunitukana aanze, nasoma zote.