Barua Kumi na Moja za Mchango

Mimi ni dereva wa gari la damu. Kazi yangu ni kushika usukani na kufunga mdomo. La kwanza naliweza, la pili limenishinda. Ndiyo maana leo nawaambia habari za Sista, muuguzi niliyemwendesha miaka tisa, na jinsi alivyonusurika kunyang'anywa chumba chake cha kutolea damu pale chuo kikuu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya bweni la wasichana, zamani stoo ya magodoro. Vitanda vinne, friji moja inayokoroma, na dirisha lisilofunga. Sista alikipigania kwa mdomo na kwa barua mpaka akapewa, akakipaka rangi mwenyewe Jumamosi mbili, mimi nikishika ngazi na kulalamikia mgongo. Alisema chuo kina vijana elfu sita wenye afya zao, hospitali iko ng'ambo ya barabara, haiwezekani watu wakose damu. Hata mimi nililielewa hilo. Vijana ndio hawakulielewa. Siku nyingine tulirudi na mifuko mitatu, siku nyingine tulirudi na stuli zetu tu.

Mkuu wetu wa benki ya damu, mtu mkavu kwelikweli, akachoka. Akasema wazi: kabla ya mitihani, Sista akusanye mifuko hamsini kwa siku moja. Asipofikisha, chumba kinarudishwa kwa wenyewe, na yeye anahamia stoo kupanga glavu. Sista hakubisha. Kwenye gari alilia kimyakimya mpaka taa za njia panda, kisha akapenga kamasi na kuniambia niache kumwangalia, niangalie barabara.

Akaamua kushirikiana na vyama vya wanafunzi. Vilikuwa kumi na kimoja: wahandisi, wanasheria, kwaya, mdahalo, wapanda milima na sijui nini tena. Akaandika barua kumi na moja kwa mwandiko wake wa duara, na juu ya kila moja: Yah: Ombi la mchango wa chama chenu. Nikazigawa mkono kwa mkono. Wiki mbili zikapita, kimya. Niliwasema vijana wa siku hizi asubuhi na jioni, na hapa naomba radhi, maana kosa halikuwa lao.

Siku moja akaingia msichana mrefu, mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, anatafuta dawa ya kichwa. Sista akampa maji, akamkalisha, akamuuliza taratibu kama barua ilifika. Yule binti akainamisha macho.

"Ilifika, Shangazi. Lakini tulisoma neno mchango, tukaikunja."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Hapa chuoni kila mtu anataka mchango. Wa fulana, wa basi, wa kumuaga mhadhiri. Tukadhani na wewe unataka hela."

Nikaichukua ile nakala iliyobaki mezani nikaisoma upya. Kweli bwana, neno damu halikuwamo hata mara moja. Sisi miaka yote tunasema kuchangia, kuchangia, mpaka kwetu mchango ni damu na basi, hakuna haja ya kueleza. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sista akanirushia bunda la pamba, kisha naye akacheka.

Hakuandika barua nyingine. Alikwenda kwa miguu kwenye mikutano yao, chama kwa chama, akasimama mbele na kusema hataki hela, anataka damu, na anataka wamfundishe namna ya kuwaita wenzao, kwa sababu yeye ameshindwa. Hapo ndipo alipowapata. Watu wazima wote waliopita pale walikuja kuwafundisha. Huyu alikuja kufundishwa. Klabu ya mdahalo ikabandika matangazo yanayoanza na HATUTAKI HELA YAKO. Kwaya wakaahidi kuimba kwenye foleni. Wahandisi wakaja na bisibisi wakalinyamazisha lile friji, halafu wakawatangazia wanasheria kwamba watawashinda kwa mifuko. Wanasheria wakadai kwanza kanuni za mashindano kwa maandishi. Sista akawaandikia moja tu: kila mtu aje ameshakula.

Siku yenyewe nilifika saa moja asubuhi nikakuta umati umezunguka bweni, nikadhani kuna mgomo. Kumbe foleni! Tulikuwa na wauguzi watatu wa kuazima, na bado hawakutosha. Vijana wakatoa vitanda viwili bwenini wakavileta kichwani. Pande la mtu, mhandisi, likazimia kabla sindano haijatoka kwenye karatasi, likapepewa na waimbaji, likaamka, likarudi kwenye foleni kwa hasira. Saa nane mchana mfuko wa hamsini ulitoka kwenye mkono wa yule mwenyekiti wa mdahalo. Nje wakashangilia, mimi nikapiga honi kama mwendawazimu, na sijutii. Tulifunga na mifuko themanini na saba. Mkuu alikuja akaihesabu mwenyewe mara mbili, akamwambia Sista chumba ni chake. Sista akamjibu kwamba sasa anataka na cha jirani.

Siku ya tatu, damu ikiwa imeshapimwa maabara, nilikuwa ofisini kwetu nangoja saini ya safari. Simu ya wodi ya wazazi ikalia. Simu hiyo naijua mpaka ndotoni: wanaulizia kundi O, Sista anafumba macho, anajibu hakuna, anaanza kuzibembeleza hospitali nyingine, na mimi nakimbilia gari. Nikasimama kabisa, ufunguo mkononi. Sista akasikiliza, akageuka kulitazama jokofu.

"Mnataka mifuko mingapi?" akauliza.

Upande wa pili wakauliza amesemaje. Hawakuwahi kuulizwa hivyo.

"Mingapi?" akarudia, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. "Semeni tu. Ipo."