Fundi Sabiti na Mbuzi wa Kitambaa Chekundu

Mume wangu Sabiti ni fundi wa mashine za boti, na huna haja ya kuuliza, atakwambia mwenyewe. Kwake mashine haifunguliwi kabla ya kusikilizwa. Anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anafumba macho kama ananong'onezwa siri. Miaka ishirini na minane namwona hivyo, na kusema kweli mara nyingi hupatia. Ndiyo maana ana mdomo.

Wiki ile alisema mbele ya majirani kwamba kilimo chetu cha mwani baharini si kazi. "Wanawake mnakwenda kuoga tu, mnarudi na kamba." Watu wakaangua kicheko. Mimi mgongo unaniwaka moto, vidole vimechanika kwa chumvi, na huyu bwana anachekesha watu! Niliumia, sifichi.

Siku hiyohiyo Mwalimu Hafidhi wa madrasa akatuletea mashine kuukuu ya kukatia majani, aliyopewa na hoteli iliyofungwa, ili Sabiti aiwashe. Maulidi yalikuwa kesho kutwa, na uwanja wa madrasa nyasi zimefika magotini. Nikasema moyoni, leo ni leo.

"Baba Shamsa," nikamwambia mbele ya Mwalimu, "kesho ikinguruma kabla ya adhana ya alasiri, sisemi tena neno juu ya mwani. Isiponguruma, bamvua lijalo lote, maji yakipwa sana, unakuja kuoga na sisi."

"Mama Shamsa, basi sema yako yote leo," akajibu. "Kesho mapema ukalete petroli."

Asubuhi nikaenda kwa kaka yangu Taufiki, mwenye boti, nikarudi na dumu. Sabiti akajaza tangi, akalegeza skrubu ya kabureta mzunguko mmoja na nusu, akavuta kamba. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Akakaza kidogo. Moshi. Akalegeza. Moshi zaidi, mpaka Mwalimu akakimbia na kanzu yake nyeupe.

Karibu na adhuhuri mbuzi wetu akapita mbele yangu na kitambaa chekundu shingoni. Masalale! Kwetu dumu la petroli iliyochanganywa na oili ya boti hufungwa kitambaa chekundu shingoni, asije mtu akaitia kwenye pikipiki. Nilipofika na dumu nilikuta kamba ya mbuzi imekatika, nikafungua kitambaa cha dumu bila kufikiri, nikamfunga nacho. Ile mashine ya majani haitaki petroli yenye oili. Na Sabiti, aliyeshinda na oili maisha yake yote, harufu yake haisikii tena.

Ningesema? Mcha Mungu angesema. Mimi nilimswaga mbuzi nyuma ya jiko, nikaendelea kukuna nazi huku naimba.

Sabiti akaenda kutawadha, akaswali, akarudi kwenye mashine. Lakini skrubu hakuigusa tena. Akawa anagongagonga tu, "mm, mm", anafuta jasho. Adhana ya alasiri ilipolia akainuka, akamwambia Mwalimu, "Imenishinda." Neno hilo sijapata kulisikia kinywani mwake. Roho iliniuma kidogo. Kidogo tu.

Alfajiri, yeye yuko msikitini, nikamwaga ile petroli nikatia safi. Aliporudi akafuta plagi, akarudisha skrubu palepale pa mwanzo, akavuta kamba. Ikanguruma. Kabla jua halijawa kali uwanja wa madrasa ulikuwa mweupe.

"Mashine nazo zina siku zake," akasema.

"Ahadi ni deni," nikamjibu.

Bamvua likaja. Siku ya tatu, maji mapajani, Sabiti ameinama kwenye kamba, vidole vimekunjamana, mkono mmoja kiunoni. Wanawake wenzangu wanamchamba, naye anafunga mwani tu. Mwisho akaniita.

"Mama Shamsa. Huku si kuoga."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Na yule mbuzi, siku nyingine ukimficha nyuma ya jiko, mpe na majani. Nilipokwenda kutawadha nilimkuta analia njaa, na kitambaa chake chekundu."

Nikasimama kama kigingi. "Ulijua tangu adhuhuri? Na ukamwambia Mwalimu imekushinda?"

"Ningeshinda, leo ungekuwa huku bila mimi."

Nikamrushia maji usoni.