Kisu Kipya cha Agar Kavira

Malachie Muyisa alikuwa mchinjaji katika soko la Butembo. Alipokufa mwaka wa 1962, kwa homa ya siku nne, alimwachia mke wake meza ya mbao, mizani yenye kutu na kisu kimoja kilichonolewa miaka mingi hata kikabaki chembamba kama ulimi. Watu walidhani meza ile itaenda kwa Nzanzu, mdogo wa marehemu. Nzanzu mwenyewe alidhani hivyo kuliko wote. Lakini Agar Kavira alikuwa amesimama pembeni mwa mume wake miaka saba, alijua kupasua ng'ombe kuanzia shingo hadi mkia, na Jumatatu iliyofuata matanga akaonekana nyuma ya meza, kitambaa kichwani, anakata nyama. Hakubishana na mtu. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba Jokébed, binti yake, bado anasoma na shule inataka karo.

Mwaka uliofuata kile kisu cha zamani kilikatika ndani ya paja la ng'ombe. Agar akaona afadhali anunue kisu cha maana, kimoja cha kumfikisha uzeeni. Mfanyabiashara aliyekuwa akipitisha mali mpakani, Kasindi, alimwambia kwamba Kampala kuna visu vya wachinjaji kutoka Ujerumani, chuma kisichoshika kutu, mpini wa mti mweusi wenye misumari mitatu ya shaba. Agar aliuza mbuzi, akaagiza. Mpaka ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa mwaka ule, kwa hiyo alingoja miezi mitatu.

Kisu kilifika siku ya soko, ndani ya sanduku la karatasi ngumu, kimezungushiwa karatasi nyembamba ya mafuta. Watu wakasogea kutazama. Kiling'aa kama kioo. Agar aliweka nyama ya mgongo mezani, akavuta kisu juu yake. Nyama ilijikunja, haikukatika. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi. Kisu kikateleza juu ya mafuta kama kijiko.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine.

"Shemeji," Nzanzu akasema kutoka nyuma yao, "kisu ile inajua mwenyewe wake."

"Inajua je?"

"Ni kisu ya mwanaume. Leta, nikuonyeshe."

Agar alimpa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Nzanzu akakipeleka kwenye ngazi ya simenti ya duka la jirani, akakisugua huku na huku kama anayesugua sufuria. Alipokirudisha, ubavu wote ulikuwa na mikwaruzo, na karibu na ncha palikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele.

"Chuma ya bazungu hapana nguvu," alisema, akaenda zake.

Siku hiyo Agar aliuza nyama iliyokatwa kwa panga la kuazima, na wateja walilalamika kwamba wanapewa vipande vya mifupa. Jioni alimfuata yule mfanyabiashara ili akirudishe kisu. Mfanyabiashara alikigeuza mara mbili mkononi.

"Mama, hii iko na alama ya simenti. Nitamwambia nini mutu wa Kampala?"

Agar akachukua kisu chake, maana mfanyabiashara alisema kweli.

Aliyemfungulia jambo lile ni Xavier Kabongo, mwalimu wa Jokébed. Kabongo alikuwa mtu wa Kasai, serikali ilikuwa imemtuma Butembo, na kila Ijumaa alinunua ini. Aliliona sanduku chini ya meza, akaokota karatasi iliyokuwa ndani yake. Ilikuwa na maandishi ya lugha tatu, na ya chini kabisa yalikuwa ya Kifaransa. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari.

"Mama Jokébed, banaandika hapa kwamba kisu inatoka fabrique, kule banaitengenezea, bila makali ya mwisho. Kila muchinjaji anaipatia makali vile kazi yake inaomba."

"Basi haikuharibika?"

"Haikuharibika. Haijaisha tu."

"Na nani anaimaliza?"

"Ni weye mwenyewe."

Agar alifikiri sana kuhusu ile karatasi. Kisu kilikuwa kimevuka bahari na mpaka, na wote walioshughulika nacho walijua hakikati, isipokuwa yeye aliyekilipia.

Seremala wa misheni ya Waprotestanti aliitwa Kamate, shemasi, mtu wa maneno machache. Patasi zake zilinyoa nywele za mkono. Agar alimkuta karakanani, akaweka kisu mbele yake.

"Miye sinoe visu ya batu," Kamate alisema. "Lakini naweza kukuonyesha."

Kwanza alimtoa nje kwenye jua, akageuza kisu, makali yakatazama juu.

"Unaona nini?"

"Mustari mweupe."

"Makali ya kweli hayaonekane. Pale unaona mweupe, makali haiko."

Kisha akaleta jiwe lake la kunolea, lililotoka ng'ambo, upande mmoja wenye chembe za kukwaruza na upande wa pili laini kama sabuni. Alimwonyesha jinsi ya kulilowesha, jinsi ya kulaza kisu na kuinua mgongo wake kiasi cha kidole kimoja, na kuulinda mwinuko huo usipande wala usishuke. Pengo la Nzanzu peke yake lilikula alasiri tatu. Agar alinoa mpaka bega likawaka moto. Siku ya nne alichoka, akainua mgongo kupita kiasi, na katika dakika chache akayaviringa makali yote aliyokuwa ameyatengeneza. Kamate alitazama. Alichukua jiwe, akaligeuza tena upande wenye chembe, akarudi kwenye ubao wake.

Siku ya saba, Agar alipopitisha kidole gumba ubavuni, alisikia kitu kinakwaruza, chembamba kama unywele.

"Ni hiyo," Kamate alisema. "Chuma imefika mwisho. Sasa geuza, utoe ile nywele pole pole."

Upande laini, kisha mshipi wa ngozi. Agar akakitoa nje tena kwenye jua, na mstari mweupe haukuwapo.

Jumamosi, sokoni, nyama ilifunguka chini ya kisu bila sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walinunua, wakaenda. Baada ya wiki mbili Nzanzu alikuja na panga lake, akalilaza mezani, akatazama kando. Agar alilinoa, akamrudishia. Baada yake akaja kinyozi, akaja fundi nguo na mikasi yake, akaja muuguzi wa maternité, wodi ya wazazi. Kamate, aliyekuwa na jiwe jingine dogo, alimwambia akae na lile kubwa mpaka siku yeye mwenyewe atakapolihitaji.

Mwezi wa nane wa 1964 waasi waliingia Butembo. Katika wiki chache ng'ombe waliisha: wengine waliliwa, wengine walifichwa milimani. Meza ya Agar ilikauka. Aliishi kwa kunoa, akilipwa maharagwe na mihogo. Shule ilifungwa. Mwalimu Kabongo na makarani wa serikali walikamatwa, wakafungiwa katika ghala upande wa Rughenda, na Jokébed aliuliza kila siku kama mwalimu amekufa.

Asubuhi moja Nzanzu alifika anahema.

"Shemeji, banakuya. Banabeba panga mingi. Banasema bibi mwenye kunoa iko wapi."

"Banataka kunoa kwa kazi gani?"

Nzanzu aligeuza macho upande wa Rughenda. Kila mtu alijua ghala la Rughenda lina watu wangapi.

Agar aliingia jikoni. Aliliweka jiwe la Kamate sakafuni, akalipiga kwa upande butu wa shoka mara nne, tano, hata likawa vipande, kisha akavifagia vyote chooni. Alikuwa anaosha mikono waasi walipofika.

Mkubwa wao alivaa ngozi ya chui kwenye kofia.

"Jiwe iko wapi?"

"Ilivunjika."

"Lini?"

"Leo."

Mkubwa aliwaashiria wenzake. Mmoja wao alimpiga Agar mgongoni kwa ubapa wa panga, mara tatu. Wakapindua nyumba, wakamwaga maharagwe, wakachukua kisu cha Kijerumani, wakaondoka. Kisha wakakaa kwenye ile ngazi ya simenti ya sokoni, wakasugua mapanga yao, na sauti ilisikika mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata wafungwa walipakiwa kwenye lori kupelekwa Beni. Wawili waliuawa njiani. Wengine walikutwa hai jeshi la serikali liliporudi, kabla ya Noeli, na Kabongo alikuwa kati yao, miguu imevimba. Alifundisha miezi sita zaidi, kisha akaomba ahamishwe. Kama jiwe lililovunjwa lilibadilisha lolote, hakuna aliyejua, na Agar hakudai hivyo.

Mwezi wa kwanza wa 1965 Kamate alikuja kuomba jiwe lake. Misheni ilikuwa imechomewa milango, kazi ilikuwa nyingi.

"Nililivunja," Agar alisema.

"Weye mwenyewe?"

"Miye mwenyewe."

Kamate alikaa juu ya kigoda. Alijua bei ya jiwe lile na njia ya kulipata, na njia hiyo haikuwapo tena.

"Kwa nini haukulificha tu?"

"Kama bangenipiga sana, ningeonyesha pale iko."

Seremala aliinamisha kichwa kidogo. Baadaye akauliza kama mgongo umepona, na kama anaweza kuja Jumanne kumshikia mbao, kwa sababu milango ilikuwa kumi na minne na yeye yuko peke yake.