Kombe Yenye Mkwaruzo wa Jembe

Nakumbuka mlio wa jembe la rafiki yangu Kemilembe siku ile kuliko ninavyokumbuka maneno yote tuliyoongea. Kwaru. Mlio mwembamba, mkavu, kama kisu kinapokwangua ukoko wa ndizi chini ya sufuria. Tulikuwa bondeni chini ya kijiji cha Nyakatuntu tukichimba udongo wa matofali, na tangu asubuhi jembe lilikuwa linasema pu, pu, pu kwenye udongo mbichi. Nilitua ndoo yangu ya maji nikageuka kutazama.

Mwanangu, najua utacheka nikikuita hivyo, maana mimi ni mama yako mdogo na hata miaka thelathini sijaifikisha. Lakini mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, na uzee nitauazima kwa leo tu. Mama yako ameniambia kwamba rafiki yako Aneth amechaguliwa kwenda mashindano ya sayansi, na wewe tangu Jumatatu unapita nyuma ya mibuni ili usikutane naye. Njia hiyo naijua. Nimeipita.

Tulikuwa kidato cha pili, likizo, na nyumba tuliyofyatulia matofali ilikuwa ya baba yake Kemilembe. Shimo lilikuwa limekwenda chini mpaka kimo cha mtu, na ukuta wake ulionyesha matabaka: juu udongo mweusi, katikati mwekundu, chini kijivu kilichonata kama uji ulioganda. Ndani ya hicho kijivu, pale jembe lilipogonga, zilionekana kombe tatu, jamaa ya chaza, zimesimama wima, kila moja imefumba magamba yake mawili.

"Koku, tazama," Kemilembe akaniambia. "Zimefunga milango."

Ta Rwegasira, mzee aliyesimamia kazi, akainama kuchungulia. "Hivyo ni vitu vya waganga. Tupeni, tuendelee."

"Ta, mganga gani atachimba kimo cha mtu ili afiche kombe?" Kemilembe akamuuliza.

"Mganga mwenye bidii kuliko nyie," akajibu, na watu wakacheka.

Kemilembe hakutupa. Alikwenda kumwita mwalimu wetu wa baiolojia, na mwalimu akashuka bondeni na kandambili zake, akapiga magoti kwenye tope kama yuko kanisani. Akatueleza kwamba kombe akifa kwa kawaida, magamba huachia na kutawanyika. Hawa walikuwa wamefumba na kusimama, kwa hiyo yaelekea waliishi papo hapo na kufunikwa papo hapo, zamani maji yalipofika mahali ambapo leo tunalima maharage. Akasema ukoo wao ulikuwa baharini kabla mnyama yeyote wa miguu minne hajatembea nchi kavu. Wengine wakaingia kwenye mito na maziwa, na mpaka leo wapo, wamejifungia kwao kimya.

Mimi nilikuwa nasikiliza huku nikilitazama jembe lake. Nilikuwa na daftari zima nimechora wadudu, konokono na samaki. Mimi ndiye niliyekuwa nasema kila siku kwamba nitasoma viumbe. Kemilembe alitaka kuwa fundi cherehani. Na jembe langu asubuhi ile lilikuwa hatua moja tu kutoka kwa lake, sema mimi nilitumwa maji.

Kisha mwalimu akasema, "Msiziguse. Jumamosi atakuja mtafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, mama mmoja ninayemfahamu. Akiziona zilivyokaa, Kemilembe atakwenda naye kambini likizo yote iliyobaki, amsaidie kuchimba."

Likizo yote. Sikulala vizuri siku tatu.

Ijumaa jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, nilishuka bondeni na kisu cha kumenyea ndizi. Nilizikwangua zote tatu. Mbili zikavunjika mkononi kama ganda la yai. Moja ikatoka nzima, nikaizungushia jani la mgomba.

Mtafiti alikuja na kofia pana na sanduku dogo. Kabla ya yote akatuonyesha jiwe kutoka Lindi, ndani yake mnyama wa baharini, jamaa wa pweza, nyumba yake imejizungusha kama pembe ya kondoo. Alisema hao wameisha kabisa duniani, na kwamba tunawajua kwa sababu kuna aliyeandika walikutwa tabaka gani, juu ya nini na chini ya nini.

Kemilembe akampeleka ukutani. Palikuwa na tundu.

"Zilikuwa hapa, mama. Tatu."

"Labda zimeogelea kurudi mto Kagera," kijana mmoja akasema. Wakacheka, na safari hii Kemilembe hakucheka nao.

Ndipo mimi nikafungua mkoba wangu. "Mimi nimepata moja, kule juu."

Mtafiti akaipokea kwa viganja viwili. Hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Umefanya vizuri kutunza, binti. Ilikuwa imelala au imesimama? Kwenye udongo gani? Juu yake palikuwa na nini?"

Nikainama kufunga mkoba wangu.

"Basi ni kombe nzuri," akasema taratibu, "lakini haiwezi kuniambia kitu tena. Kwa hii tu siwezi kusema kama iliishi hapa, au mtu aliiokota ziwani wiki iliyopita."

Akampa Kemilembe aitazame. Kemilembe akapitisha kidole mgongoni mwake, pole pole, kikasimama. Pale palikuwa na mkwaruzo mweupe wa jembe lake. Aliniangalia. Akanirudishia.

"Chukua, Koku. Ni yako."

Hakwenda kambini. Wala mimi sikwenda. Ule ukuta ukawa matofali, matofali yakaingia tanuru. Sasa ameolewa Ihembe, ni fundi cherehani kweli, na tukikutana sokoni ananisalimia vizuri sana kwa jina langu refu, Kokushubira. Koku hajaniita tena. Nilikwenda kumwomba msamaha nikiwa nimechelewa miaka minne, alinipa chai.

Mwanangu, wivu utakuja, usijione mbaya kwa hilo. Lakini ukiuona, usiupe kisu. Alichopata mwenzako kinasema kikiwa pale pale alipokipata; ukikihamishia kwako kitanyamaza, na rafiki utampoteza juu yake. Nenda leo kwa Aneth, wivu ukiwa bado upo, umwombe akuonyeshe atakachokwenda kuonyesha. Mungu akujalie macho ya kufurahia cha mwenzio, na akuwekee chako mahali utakapokikuta.

Wiki iliyopita nilipokwenda kumwona bibi yako, nilishuka bondeni peke yangu. Mvua ilikuwa imebomoa ukingo wa lile shimo, na kwenye udongo wa kijivu niliona mdomo wa kombe, umefumba. Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Nikaurudisha. Nikakata jani la mgomba nikaifunika, nikachomeka kijiti kando yake, nikafunga juu yake uzi mwekundu wa cherehani, ili nikimwambia Kemilembe ashuke, ajue nimemwachia yeye. Kisha nikapanda mlima mikono mitupu.